Jitegemee, Sabuni ya Zadock Ondiek

Zadock Ondiek hakusomea uchumi, lakini aliusikia. Kwa miaka mingi alikuwa askari katika chuo kimoja kando ya barabara ya Busia, na kituo chake cha mchana kilikuwa chini ya madirisha ya ukumbi mkubwa. Mle ndani mhadhiri mmoja mwenye sauti nzito alikuwa akieleza kwa nini nchi nyingine zinatajirika na nyingine zinabaki kusindikiza. Madirisha hayakuwa na vioo, joto la Kisumu mnalijua, na Zadock alikuwa na masikio mazuri.

Tatizo lilikuwa moja. Kila mwaka, muhula wa kwanza ulipokwisha, askari walibadilishiwa vituo na Zadock akapelekwa lango la nyuma, linakopita gari la takataka. Somo lenyewe liliendelea muhula wa pili. Kwa hiyo alisikia mara nyingi sana jinsi nchi maskini zilivyoamua kufunga milango na kujenga viwanda vyake zenyewe, lakini hakuwahi kusikia ilikuwaje baadaye. Yeye alidhani ilikuwa vizuri.

Alipostaafu alirudi kwenye ploti yake mtaani Manyatta, vyumba vya mabati vilivyopangana ana kwa ana, lango moja na bomba moja katikati. Mimi nilikuwa nimepanga chumba karibu na bomba hilo, nikifundisha watoto wa chekechea huko mbele kidogo. Mkewe, Mama Calvince, jina lake Dorca, aliuza samaki ufuoni Dunga. Ni mwanamke wa Uyoma, mpana, mwenye maneno machache, na ndiye aliyeijenga ile ploti kwa samaki wakati mumewe akisikiliza mihadhara.

Mwezi wa kwanza wa kustaafu Zadock alikaa langoni kwenye kiti cha plastiki, akitazama watu wakipita na mizigo. Mwezi wa pili akaanza kuuliza maswali. Mbuta anavuliwa hapa, minofu yake inakwenda wapi? Inakwenda kiwandani, inagandishwa, inapanda ndege. Sisi tunabaki na nini? Tunabaki na mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa, tunaukaanga na kushukuru Mungu. Na mafuta ya tumboni mwa mbuta? Yanauzwa kwa makopo pale Dunga, karibu bure. Na sabuni, ambayo ni mafuta tu yaliyopikwa, inatoka wapi?

"Inatoka dukani kwa Nduta," alijibu Byron, kijana wa boda boda aliyepanga chumba cha mwisho.

"Na Nduta anaitoa wapi?"

"Nairobi, mzee. Ama mbele ya Nairobi."

"Umeona sasa," akasema Zadock, na akaenda kuvaa shati.

Jumamosi hiyo alituita wapangaji wote pale bombani. Alisimama juu ya tofali akatueleza kwamba dunia ina kitovu na ina pembezoni. Pembezoni wanatoa mali ghafi kwa bei ya kutupa, na kitovu kinawarudishia ikiwa ndani ya karatasi inayong'aa, kwa bei ya kuua. Dawa yake, alisema, ni kuanzisha viwanda vichanga na kuvilinda kama mtoto mchanga mpaka viote meno. Ploti hii itaanza na sabuni. Kuanzia Jumatatu sabuni ya nje haitaingia langoni.

Byron akainua mkono. "Na simu, mzee? Simu pia ni ya nje."

"Simu ni awamu ya pili," akasema Zadock.

Dorca alikuwa ameketi mlangoni akipaa samaki aina ya ngege. Magamba tu ndiyo yaliyoruka kwa nguvu zaidi.

Kiwanda kilikuwa sufuria kubwa ya matangani, mawe matatu na mwiko wa kusongea ugali wa watu wengi. Mafuta ya mbuta Zadock aliyapata Dunga kupitia mkewe. Lakini mafuta peke yake hayawi sabuni. Yanataka magadi makali, ambayo wenyewe wanayaita kostiki, na katika mtaa wetu mzima kostiki iliuzwa mahali pamoja tu: dukani kwa Nduta.

Nilikuwepo nikinunua chumvi siku hiyo alipoingia. Nduta ni mama wa makamo aliyekuja kutoka Kangema akiwa bibi arusi, na amekaa Manyatta muda mrefu kiasi kwamba anagombana na wateja kwa Kijaluo.

"Karibu, mzee," akasema Nduta. "Nasikia nimepigwa marufuku."

"Si wewe, mama. Ni muundo."

"Muundo gani?"

"Wewe uko upande wa kitovu."

Nduta akaweka mikono juu ya kaunta. "Mimi natoka Kangema. Kwetu tunachuma majani chai kutoka asubuhi. Yale mazuri yanapelekwa ng'ambo, sisi tunakunywa ile ya vumbi. Hiyo ndiyo kitovu?"

Zadock akafikiri sana. Hili halikuwa limezungumzwa dirishani. "Basi wewe pia ni pembezoni," akasema mwishowe, kwa sauti ya kumpa pole.

"Haya. Unataka nini?"

"Kostiki. Na utapunguzia pembezoni mwenzako pesa ngapi?"

"Bei ni ile ile," akasema Nduta, akamfungia.

Sabuni ya kwanza ilitoka laini kama uji wa mgonjwa. Zadock akaongeza kostiki, ikatoka ngumu lakini ikawa inatoa jasho. Akaongeza unga wa mahindi, majivu, na kitu kingine ambacho mpaka leo hajakitaja. Hatimaye akapata kipande cha rangi ya kahawia, kizito na chenye kunata, kama gamu iliyokata tamaa. Alichonga muhuri kutoka soli ya ndara kuukuu, akagonga kila kipande jina lake: JITEGEMEE. Akatugawia tuijaribu, na baada ya hapo tukawa tunanunua.

Nitasema ukweli kuhusu sabuni ile. Haikutoa povu. Ungeisugua kwenye kola ya shati mpaka kiganja kiwake moto, nayo ingekutazama tu. Hata majini haikuyeyuka. Niliisahau ndani ya beseni tangu jioni hadi asubuhi nikaikuta na muhuri wake unasomeka vizuri. Lakini hayo yangevumilika. Jambo lenyewe lilikuwa harufu. Nguo ikiwa imelowa ilikuwa na harufu kidogo. Ikikauka juani, ilikuwa samaki.

Paka wa Manyatta walijua kabla yetu. Asubuhi moja nilitoka kwenda shuleni, paka mmoja mwenye sikio lililokatika akanifuata. Kufika kona walikuwa kundi. Niliingia darasani nao wakakaa dirishani, na somo la siku hiyo lilipaswa kuwa herufi B. Watoto walifurahi sana. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniuliza kwa upole kama nyumbani kila kitu kiko sawa.

Nilipomwendea Zadock, alinisikiliza kwa makini, mikono nyuma. "Mwalimu," akasema, "mtoto mchanga pia ananuka. Unamtupa?"

Basi tukafanya kile ambacho watu hufanya. Tukaanza magendo.

Zadock alikuwa askari wa kazi. Kupekua mifuko ilikuwa furaha yake, naye alikuwa ameikosa tangu astaafu. Aliyekamatwa na sabuni ya nje hakutozwa pesa. Ushuru ulikuwa kukoroga sufuria, na ile sufuria ilikuwa inatoa moshi unaochoma macho. Byron alificha sabuni ndani ya kofia yake ya pikipiki mpaka siku alipomwamkia mzee kwa kuinamisha kichwa. Alikoroga jioni nzima. Mimi niliweka yangu ndani ya mkate niliouchimba katikati. Mama mmoja wa chumba cha pili aliamua kwenda kufulia kwa dada yake mtaani Nyalenda, akawa anaondoka na nguo chafu na kurudi na safi, na Zadock akakosa sheria ya kumshika nayo. Alibaki akimtazama akipita, kama mtu anayesikia mlango wa nyuma ukifunguliwa.

Jambo lililomtia moyo katika siku hizo ngumu ni kwamba nguo za mkewe zilikuwa safi kuliko za wote. Kitenge chake kiling'aa. Zadock alitusimamisha akatuonyesha kwenye kamba ya kuanikia. "Mnalalamika bure," akasema. "Sabuni ni mkono. Tazameni Mama Calvince."

Sisi tulitazama. Hakuna paka hata mmoja aliyekuwa chini ya kamba ile. Tukanyamaza, kwa sababu mtu hamharibii mwenzake njia ya magendo.

Yaliyoleta mwisho wa mambo yalitokea kanisani. Zadock ndiye aliyekuwa akipokea watu mlangoni na kuwaonyesha viti, na kazi hiyo aliifanya kwa shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi. Mkewe alizoea kumfulia, lakini juma hilo alikuwa amekwenda matanga kwao Uyoma. Kwa hiyo Zadock alijifulia mwenyewe, kwa Jitegemee, bila huruma, mara mbili.

Pasta Absalom alikuwa katikati ya mahubiri, akieleza jinsi makutano yalivyomfuata Bwana kando ya ziwa. Paka wa sikio lililokatika akaingia, akapita katikati ya viti bila haraka, akaenda kukaa miguuni pa Zadock. Kisha mwingine. Kisha wakaja na watoto wao. Zadock alisimama wima kama yuko gwaride, akiwasukuma kwa kisigino, nao wakidhani anawachezea. Waumini wa viti vya nyuma wakaanza kujifunika nyuso na vitabu vya nyimbo.

Pasta akasimamisha mahubiri. "Ndugu zangu," akasema, "kama kuna mtu amekuja na chakula, namwomba akiweke nje. Ibada bado."

Dorca alirudi kutoka Uyoma siku ya pili yake, beseni la dagaa wa omena kichwani. Zadock hakuwahi kumpekua mkewe. Lakini siku hiyo alikuwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu huirudia kazi aliyoizoea. Akanyoosha mkono langoni. Dorca akashusha beseni, akaliweka chini mbele yetu sote. Zadock akapitisha mkono ndani ya omena, na kutoka chini akavuta sabuni ya kipande, mche mzima, ya rangi ya buluu, inanukia limau.

"Hata wewe, nyar Uyoma?" akauliza, akimwita binti wa kwao.

"Hata mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile."

Zadock akaketi kwenye kiti chake. Nilimwonea huruma. Mabega yalikuwa yameshuka kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Baba Calvince," akasema Dorca, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mimi nauza samaki. Nikinuka samaki nikiwa Dunga, hiyo ni kazi. Nikinuka samaki nikiwa kitandani, hiyo ni kazi imenifuata nyumbani. Nimekupatia mafuta, nimekupatia sufuria ya matanga, nimenyamaza. Sasa hii kitu nitaiondoa hapa."

"Kiwanda kichanga kinataka uvumilivu."

"Calvince alikuwa mchanga. Alinyonya, akaota meno, akaenda Nairobi. Hii yako inanyonya tu."

Kesho yake alfajiri Dorca akapakia vipande vyote vya Jitegemee kwenye gunia, akapanda pikipiki ya Byron akalipeleka Dunga. Nia yake ilikuwa kuvitumia kusugulia meza za samaki, ambako harufu isingemkera mtu. Zadock hakumzuia. Alikaa langoni akiacha kila mzigo upite, na sisi, ambao tulikuwa tumeuombea uhuru huo, tukaingiza sabuni zetu mikononi, wazi, na jambo hilo halikuwa na utamu tulioutarajia.

Pale Dunga kulikuwa na mvuvi mmoja aitwaye Oduor, anayevua mbuta kwa kamba ndefu yenye ndoano nyingi. Wavuvi wa ndoano wana shida ya chambo. Chambo cha samaki wadogo ni ghali na kinaoza, na wengine walikuwa wameanza kutumia vipande vya sabuni ya dukani, ambavyo mbuta huvimeza kwa sababu wanazozijua wao. Lakini sabuni ya dukani huyeyuka upesi. Oduor alimwona Dorca akisugua meza, akaona sabuni haipungui, akaisogeza puani. Akaomba kipande. Dorca akampa viwili ili aondoke.

Oduor alirudi kutoka ziwani na mashua imelemewa na mbuta kiasi cha kutisha.

Siku ile ile akaja Manyatta, bado ana maji magotini, akiulizia mwenye kiwanda. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutoka nje ya ploti kulitaja neno hilo bila kucheka. Zadock akainuka, akafunga vifungo vya shati.

"Umeipenda sabuni yetu?" akauliza.

"Sana, mzee. Naitaka yote."

"Una familia kubwa?"

"Niko na ndoano nyingi," akasema Oduor.

Ikabidi Zadock aelezwe. Alikataa kuamini, akadai kwenda kujionea, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi nikaenda naye. Tulimkuta Oduor, aliyetutangulia, na wenzake kando ya mashua, wakikata Jitegemee kwa kisu na kuvika ndoano. Zadock aliwatazama kama mzazi anayemwona mwanawe kwenye shughuli ambayo hakumlelea.

"Hii ni sabuni ya kufulia," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Imeandikwa jina."

"Mzee, mbuta hajui kusoma," akasema mmoja wao kwa heshima.

Wakati huo wanawake walikuwa wakipasua mbuta wa asubuhi juu ya meza. Mama mmoja akatoa kitu kooni mwa samaki, akakipangusa kwa kidole, akamletea Oduor kumrudishia. Kilikuwa kipande cha Jitegemee, bado kizima, ila kisu kilikuwa kimechukua herufi mbili za mwanzo. Kilichobaki kilisomeka TEGEMEE. Zadock alikishika kiganjani akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena. Kisha akamrudishia Oduor akavike ndoano nyingine.

Tulirudi pamoja mpaka karibu na nyumbani.

"Mwalimu," akasema. "Yule mbuta atapelekwa wapi?"

"Minofu itapanda ndege," nikasema.

"Na mafuta yatabaki."

"Yatabaki."

"Nami nitayapika, yavue mbuta mwingine, naye apande ndege." Akatembea hatua kadhaa. "Sijui hiyo inaitwaje. Sijaisikia popote."

Dorca alikuwa na jina lake. Aliiita biashara. Katika wiki chache alishika kiwanda chote, akakihamishia nyuma ya mabanda ya Dunga ambako hakuna aliyelalamika isipokuwa korongo. Alipunguza unga, akaongeza harufu, jambo ambalo sisi wapangaji hatukudhani linawezekana. Oda zikaja kutoka Usenge na Homa Bay. Nduta alipoona kostiki inakwisha upesi namna ile, alikuja mwenyewe Dunga, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili, akaomba awe msambazaji. Walikaa yeye na Dorca juu ya kreti wakajadiliana mchana mzima kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, na mara moja, Nduta alipokasirika, kwa Kikikuyu. Waliposimama walikuwa wamekubaliana, na tangu hapo wanaitana pacha.

Zadock alipewa kazi ya ubora na matangazo. Kwa muda alikuwa mpole. Halafu mtu mmoja huko Usenge akaanza kutoa sabuni ya chambo ya kuigiza, yenye muhuri wa JITEGEMEYE, na Zadock akafufuka. Alizunguka fukwe zote akihutubia wavuvi juu ya kulinda kiwanda cha nyumbani dhidi ya bidhaa za nje, ya nje ikiwa ni Usenge. Wavuvi walimsikiliza, kwa maana anaongea vizuri, halafu wakanunua iliyokuwa karibu.

Siku hizi utamkuta Otonglo siku za soko, ana meza ndogo kando ya barabara, vipande vimepangwa kama matofali, na yeye mwenyewe kwenye kiti cha kukunja, upande upepo unakotokea. Nilikuwa nimesimama naye juzi alipokuja mama mmoja kutoka bara, ana mzigo wa nyanya, akachukua kipande akakipima mkononi.

"Hii sabuni ni ngumu, itakaa," akasema. "Nipatie mbili za kufua yunifomu ya watoto."

"Mama, hii si ya kufulia," akasema Zadock.

"Imeandikwa nini hapa?"

"Jitegemee."

"Na nyuma?"

Zadock akageuza, kama aliyesahau. "Sabuni safi ya Manyatta."

"Basi ni ya kufulia."

"Ni ya mbuta, mama. Nenda pale kwenye kibanda cha buluu, kuna sabuni nzuri kutoka Nairobi. Inatoa povu, inanukia limau. Mke wangu anaitumia."

Yule mama akamtazama kwa shaka kubwa. Hakuwa amewahi kuona mfanyabiashara wa Otonglo akimfukuza mteja aende kwa mwenzake, na akajua lazima kuna kitu kizuri kinachofichwa. Akaweka mzigo chini. Akakataa kuondoka. Mwishowe Zadock akamfungia vipande viwili kwenye gazeti, akamwongezea cha tatu bure, na alipokwisha kwenda akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba soko la ndani nalo halifai kudharauliwa.